Kalamu 14 za mpingo na mninga: alama kwenye ncha

Jumamosi, 1 Februari

Upande wa miti nimemaliza. Kalamu 14, yaani 10 za mpingo na 4 za mninga, zimelala juu ya gazeti, zimekerezwa, zimepigwa msasa, zinang'aa. Ni oda ya kamati ya walimu wanaomuaga mwenzao anayestaafu: moja yake, 13 za meza kuu. Wanazitaka tarehe 22. Nikajiambia, wiki 3 zote za nini? Kubana vyuma ni kazi ya asubuhi moja, tena na chai pembeni.

Kwa ambaye hajawahi kuifungua kalamu ya namna hii: vyuma vinakuja kama seti, kutoka nje. Mirija 2 ya shaba ya njano yenye upana wa mm 7, ncha iliyochongoka kama pia, kizungushio kinachotoa na kurudisha wino, pete ya katikati, klipu na kofia yake. Mti unautoboa, unaugundisha mrija ndani kwa supagluu, unaukereza mpaka ulingane na vyuma. Kisha vyuma vinasukumwa mrijani kwa nguvu. Hakuna skrubu wala gundi hapo, ni kukazana tu. Wenye uwezo wana mashine ndogo ya kubania. Mimi nina jiliwa, kile chuma cha mezani chenye taya 2 za kubania.

Taya za jiliwa langu zina meno, kwa hiyo nimezivalisha vipande vya alumini nilivyokata kutoka fremu ya dirisha lililotupwa. Alumini ni laini, haiwezi kuumiza kitu. Hilo nililiamini kwa miaka 2 nikitengeneza kalamu za rangi ya kromu. Hizi za sasa zimechovywa dhahabu.

Nilibana 6. Ya 6 ikanimulika jua la dirishani nikaona klipu ina ukungu mweupe. Nikairudia ya 5. Kwenye ncha, mstari wa kijivu kama wa penseli. Ya 4, mstari. Chai ikapoa yenyewe.

Nimezipa namba kwa vipande vya plasta. Hali ilivyo usiku huu: namba 1 safi. Namba 2 na 4 zina mistari ya kijivu kwenye ncha. Namba 3 ina mstari mmoja mweupe, mwembamba kama unywele. Namba 5 ina vyote viwili. Namba 6, ya mninga, ncha safi ila klipu ina ukungu.

Jumapili, 2 Februari

Leo nimefanya ujinga na nauandika ulivyo.

Nilichukua Brasso, ile ile tunayosafishia vitasa, nikatia tone kwenye kitambaa cha fulana, nikaanza na ncha ya namba 2. Sekunde 10 za kwanza nilifurahi: kijivu kinaondoka. Nikaendelea. Kitambaa kikawa cheusi, nikasema uchafu huo unatoka. Nilipofuta, upande niliousugua ulikuwa na rangi ya kijiko cha chai. Dhahabu imekwenda. Upande wa pili bado njano, na katikati yake mpaka kama ramani.

Brasso ina unga laini sana wa kusaga pamoja na amonia. Kwenye shaba tupu ni dawa. Kwenye kitu kilichochovywa, huo unga hauchagui kati ya alama na dhahabu, unakula vyote viwili, na dhahabu yenyewe ndiyo nyembamba.

Sijagusa nyingine. Nimezifunga kwenye soksi safi.

Jumanne, 4 Februari

Nimepita Kariakoo kwa sonara mmoja mzee ninayemfahamu tangu alipopunguza pete ya marehemu bibi. Nikampa namba 2, 3 na 5.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hebu." Akaweka kioo chake jichoni, akaigeuza namba 2 mara moja tu. "Hii umeiua mwenyewe."

Nikamweleza. Hakucheka, ila mjukuu wake anayemsaidia ndiye aliyecheka. Mzee akasema dhahabu ya kuchovywa si dhahabu ya kusugua. "Ukisugua pete ya dhahabu, unasugua dhahabu. Ukisugua hii, unasugua moshi." Na hajakosea. Kwenye vyuma vya bei kama vyangu, tabaka la dhahabu huwa chini ya mikroni 1, na mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chini yake kuna nikeli, ndiyo ile rangi ya kijiko. Chini ya nikeli ndipo ilipo shaba.

Halafu akanionyesha kitu ambacho kama ningekijua Jumamosi ningelala vizuri. Alichukua kijiti cha meno, cha mti, akakipitisha kwenye mstari wa kijivu wa namba 5, kwa kuukata, si kwa kuufuata. Kijiti kikapanda kidogo. Akakipitisha kwenye mstari mweupe wa ncha ile ile. Kijiti kikazama, kikanasa.

"Hiki kimeongezwa," akasema kuhusu wa kwanza. "Hiki kimeondolewa. Kilichoongezwa utakitoa. Kilichoondolewa utakirudisha wapi?"

Nikamuuliza kuhusu kuichovya upya. Akasema yeye hachovyi, na anayechovya atataka hela ya kununua seti nzima nyingine na chenji. Kwa ule mstari mweupe wa namba 3 alijaribu kitu kimoja: ana chuma chembamba chenye kichwa kilichosuguliwa mpaka kikawa kioo, akakilowesha kwa maji ya sabuni, akawa anaulaza ukingo wa mkwaruzo kwa kuukandamiza, bila kukwangua. Chuma hicho hakiondoi kitu, kinasukuma tu. Mkwaruzo ukapungua makali, kidole hakiusikii tena. Lakini weupe ulibaki, maana dhahabu ilishachanika na nikeli ipo nje inatutazama.

Hakutaka hela. Amesema nimletee kalamu moja ya mpingo, isiwe na alama.

Jumamosi, 8 Februari

Siku nzima nimekaa na kioo cha kukuzia, vijiti vya meno, pamba za masikio na taa ya mezani. Nimegundua nina magonjwa 3, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza, mistari ya kijivu. Hiyo ni alumini ya taya zangu. Ncha ilipokuwa inasukumwa ikateleza kidogo, na alumini kwa ulaini wake ikajipaka, kama penseli inavyojipaka kwenye karatasi. Ulaini niliokuwa najisifia ndio ulioniletea doa. Dawa: maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kwanza, ili kuondoa mafuta ya vidole uone unachopambana nacho. Kisha kijiti cha meno, nakitafuna ncha mpaka iwe kama mswaki wa mti, nakichovya kwenye mafuta ya cherehani, naisukuma alumini kuelekea upande mmoja tu. Si kwenda na kurudi. Kwenda na kurudi kunaifanya ile chembe iliyotoka ikwaruze njiani. Kila misukumo 5 au 6 nafuta na kutupa pamba. Namba 4 imenila dakika 40. Imetoka. Ukiitega kwenye jua kwa pembe moja unaona kivuli, ila unapaswa kujua kilipokuwa.

Kwa kromu ningefanya kwa haraka zaidi. Kromu ni ngumu mno, Brasso kidogo kwa mkono mwepesi inaondoa alumini na kromu haina habari. Ndiyo maana miaka 2 sikuwahi kuliona tatizo hili. Lilikuwepo, nilikuwa nalifuta bila kulitazama.

La pili, ukungu wa klipu ya namba 6. Huu si wa jiliwa kabisa. Kalamu za mninga nilizipaka supagluu kama vanishi, tabaka 6, na usiku ule ule nikazifungia kwenye boksi moja la plastiki pamoja na vyuma. Supagluu ikikauka inatoa mvuke, na mvuke huo unapenda jasho na mafuta ya mkono. Polisi wanautumia makusudi kufufua alama za vidole kwenye vitu vya ushahidi. Mimi nilifufua zangu: kwenye klipu, chini ya kioo, yapo matuta ya dole gumba langu yamesimama meupe kama yamechorwa.

Hapa dawa ni asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, lakini iliyo tupu, isiyo na mafuta wala marashi. Tahadhari 2. Vyuma vingine vya dhahabu hupakwa tabaka la vanishi ya wazi juu, na asetoni inaweza kuiyeyusha, kwa hiyo nimejaribu kwanza upande wa ndani wa klipu, usioonekana. Ikakubali. Pili, asetoni inayeyusha supagluu yote, si ile ya ukungu peke yake. Tone likidondokea mti, vanishi ya tabaka 6 inageuka uji. Klipu imekwishabanwa, siwezi kuitoa bila kuiumiza, basi nimeuzungushia mti utepe wa karatasi na kuilowesha pamba kwa mbali, ikakaribia kukauka, ndipo nikagusa. Mipito 3. Dole gumba limeondoka.

La tatu ni mikwaruzo ya kweli, kwenye namba 3 na 5. Nimeipitishia kijiti mara ya mwisho kama mtu anayepima homa akitumaini thamometa imekosea. Kijiti kimenasa.

Basi ncha mbovu ni 3: namba 2 niliyoiua, namba 3, namba 5. Niliagiza seti 16, nina akiba 2.

Jumapili, 9 Februari

Mkwaruzo wa kweli haukutoka kwa alumini, alumini haina ubavu huo. Nimeyafungua yale mavazi ya taya nikayalaza juani. Upande wa kulia kuna nyota ndogo 3 zinazometa, zimejichimbia ndani. Nimeikwangua moja kwa sindano, ikarukia sumaku.

Nikakumbuka. Wiki moja kabla ya hapo nilimsaidia jirani kupunguza bolti kwa tupa, kwenye jiliwa hilo hilo, na sikuyavua mavazi. Chembe za chuma ziliingia kwenye alumini laini kama mchanga kwenye mandazi, zikakaa zinanisubiri. Bolti lenyewe wala halikuingia.

Alumini nimeitupa. Nikatafuta mbadala:

Soli ya ndala. Nilidhani ndiyo suluhisho, laini, haiachi rangi. Nimejaribu kwa kipande cha mti wa mazoezi. Soli inabonyea upande mmoja zaidi ya mwingine, ncha ikaingia imelala, mti ukapasuka mdomoni. Kama ungekuwa mpingo ningelia: mti huu ni mzito mpaka unazama majini, na ugumu wake wote hauupi uvumilivu ukisukumwa kwa pembeni.

Ngozi ya mkanda. Afadhali, lakini rangi yake ya kahawia inahamia kwenye dhahabu. Inatoka kwa sabuni. Sitaki kazi ya kutoa tena.

Ubao wa plastiki wa kukatia nyanya. Huu ndio. Nimeuiba jikoni, na nimeahidi kununua mwingine kabla ya Jumatatu. Ni mgumu kiasi cha kutobonyea, laini kiasi cha kutokwaruza, hauachi rangi. Nimekata vipande 2. Cha upande wa ncha nimekichimba kishimo kwa kekee, kisha nikakipanua kwa umbo la pia lile lile la ncha, ili ncha ikae ndani kama yai kwenye kikombe chake. Sasa nguvu inabebwa na mwili mzima wa ncha, haibebwi na mdomo wake peke yake, na haina pa kutelezea.

Halafu nikafanya ambalo ningefanya tangu mwanzo: nikachungulia ndani ya midomo ya mirija. Mitano kati ya 8 ya chini iliyobaki ina vipele vya supagluu kavu. Ncha ikikutana na kipele inakwenda upande, inateleza tayani, inajipaka au inajikwaruza. Nimeipitishia tupa ndogo ya mviringo, kisha ukingo wa ndani nikaulaza kidogo kwa kisu ili ncha iingie kama mguu unaoingia kiatuni kwa kijiko cha kuvalia.

Jumatano, 12 Februari

Umeme umekatika saa 1 usiku. Nimefua soksi za kuhifadhia kalamu. Hakuna kingine.

Jumamosi, 15 Februari

Zile 8 zilizobaki zimebanwa zote. Safi. Nilikuwa napumua baada ya kila moja.

Sasa kung'oa zile mbovu. Nadharia ni rahisi: unapitisha fimbo nyembamba kwenye tundu la kizungushio, inaifikia ncha kwa ndani, unaigonga kwa nyundo ndogo, ncha inatoka. Nikachukua spoku ya baiskeli, nikafunga namba 2 kwenye kitambaa, nikagonga. Spoku ikapita. Haikuigonga ncha, ilipita kwenye tundu la kutokea wino na kutokea mbele, na kwa kuwa ilikuwa na kichwa kilichopinda kidogo, ikaupanua mdomo. Namba 2 basi tena, hata ya mazoezi haifai. Imeuawa mara mbili.

Kwa nyingine nimetumia fimbo ya kuchomelea ya geji 12 iliyogongwa ikatoka unga wake wote, mwisho wake nikausawazisha kwa tupa. Imekamata ukingo wa ndani sawasawa. Mapigo 4 madogo, ncha ikadondokea kitambaani. Namba 3 na 5 zimetoka bila mti kudhurika, na namba 2 nayo ikafuata.

Ncha za akiba 2 zimekwenda namba 2 na 3. Imebaki namba 5, ya mpingo, bila ncha.

Hapo ndipo nimeamua kuivua dhahabu yote, na nikeli yake, mpaka shaba. Nimekereza kishikio cha mninga kinachoingia ndani ya ncha kwa kubana, nikakifunga kwenye mashine ya kukerezea, nikaanza na msasa wa maji namba 400. Dhahabu imeondoka kabla sijaweka mkono vizuri. Nikeli ndiyo yenye ukaidi: inabaki mabaka mabaka ya fedha kwenye njano, na lazima uyafuate yote, kwa sababu baka moja likibaki litaonekana daima. Baada ya 400, 600, 1000, kisha 2000 ya wapaka rangi magari. Kati ya kila namba nazima mashine na kusugua kwa mkono kwa urefu, kuanzia mdomoni kwenda shingoni. Mashine inachora pete pete. Ukisugua kwa urefu pete zinakatwa, na ukiona pete bado zipo ujue namba iliyotangulia hukuimaliza.

Nikafika 2000, ncha inang'aa kama tarumbeta ya bendi ya shule. Sikuipenda. Kando ya klipu ya dhahabu ilionekana kama inajifanya dhahabu na imeshindwa. Nikarudi 1000, kwa mkono, kwa urefu tu, ikawa na mng'ao wa hariri. Pete ya katikati nayo nikaifanyia hivyo hivyo ili ziwe ndugu. Klipu nimeiacha, hiyo chini yake si shaba, ni chuma cha springi, ningeivua ingeshika kutu.

Jumatano, 19 Februari

Shaba tupu ina shida yake. Ni Februari, Dar es Salaam, mikono inalia jasho kuanzia saa 3 asubuhi. Juzi niliishika ncha ya namba 5 kidogo, jana ina vidole 2 vya kahawia.

Mama alikuja na dawa ya nyumbani, ndimu na chumvi, anayosafishia sinia za shaba. Nikajaribu kwenye kipande cha mrija chakavu kwanza, nimejifunza. Doa likaondoka mara moja. Kipande cha pili nikakiacha kwenye ndimu muda wa kula chakula cha mchana, kikatoka kimekuwa cha waridi. Shaba ya njano ni shaba nyekundu na zinki pamoja. Asidi ikikaa inatangulia kuchukua zinki na kuacha wekundu juu. Kwa hiyo ndimu ni sekunde chache, suuza kwa maji mengi, kausha pale pale. Mama amesema sinia zake hazijawahi kuwa za waridi kwa sababu yeye haachi kazi katikati kwenda kula.

Nimeifuta ncha namna hiyo, nikaipaka nta ya nyuki kwa kitambaa, nikaipasha moto kidogo na kuifuta tena. Nta haitazuia, itachelewesha. Vanishi nimeikataa: hapo ndipo vidole vinaposhika wakati wa kuandika, ingeanza kubanduka vipande vipande. Acha igeuke rangi kwa pamoja.

Kuanzia sasa vyuma vyote navishika na glavu za pamba. Joto lake si mchezo.

Jumamosi, 22 Februari

Katibu wa kamati amekuja saa 4. Nimempa kalamu zote mezani, na kabla hajauliza nikaitenga namba 5, nikamweleza: hii ncha na pete yake si dhahabu, ni shaba, itakuwa inabadilika rangi, na sababu ni hii. Kama haitaki, namrudishia hela ya moja.

Akaishika. Akaigeuza. Akaandika jina lake juu ya risiti.

"Kaka, hii mpe mwenyekiti. Yeye hatazamagi kitu."

Kisha akachukua namba 4, ile iliyonila dakika 40, akaiangalia kwenye mwanga wa mlango. Nikanyamaza. Akaiweka chini akauliza kwa nini maboksi hayana utepe.

Zimekwenda 14. Ncha ya namba 2 na ya namba 3 zipo kwenye kopo la Blue Band pamoja na vipande vya ubao wa nyanya. Ya namba 3 nitaivua wiki ijayo, niitie kwenye kalamu ya sonara. Ubao mpya wa jikoni bado sijanunua.